Chai ya Shayiri Imekwisha

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada kabla ya Jumatano, maana Jumatano kamati ya mtaa wetu wa maduka itakaa, mimi ndiye katibu wake, na jambo watakalojadili limo nyumbani mwangu.

Mimi na mume wangu Teruo tuna duka la soksi na fulana hapa Sakai. Mwaka huu wizi wa madukani ulizidi, sisi wenye maduka tukamwita polisi wa kituo cha mtaa, akatuambia mwizi huogopa sauti kuliko kamera, basi tukakubaliana neno la siri: ukimshuku mteja unapaza sauti kuelekea nyuma ya duka, "Chai ya shayiri imekwisha!" na jirani akisikia anakuja kusimama mlangoni. Neno hilo nililichagua mimi, kwa kuwa wakati wa joto kila duka lina birika la chai hiyo kwenye friji na hakuna atakayeshtuka. Likafaa sana. Vijana waliokuwa wakituibia betri na soksi wakahama.

Tarehe kumi na tatu Juni nilikuwa kwa Bwana Kuroiwa, muuza vyakula, nimeinama nyuma ya rafu ya mwani, mama mkwe wangu akaingia, na mke wa Kuroiwa, asijue kwamba nipo, akapaza sauti: "Chai ya shayiri imekwisha!" Mama akamjibu kwa huruma, "Pole mwanangu, na joto hili!" kisha akatia pakiti ya dagaa wakavu kwenye mfuko wake wa sokoni, akaenda zake bila kulipa, nami nimeinama vilevile, sikusimama.

Tangu siku hiyo nalisikia neno langu likimfuata duka hadi duka, na yeye, maskini, analiamini. Muneko, muuza tofu ya soya, ameniambia akicheka ingawa macho yake hayacheki: "Mama yenu kaniletea chai tena. Nikimwambia ninayo, anasema, 'Usinione haya, binti, nimekusikia mwenyewe ukilalamika.'" Na chai yenyewe, ya pakiti, anaichukua kwenye rafu ya Kuroiwa, halipi, anawagawia wenye maduka, na inayobaki anaijaza kabati letu la jikoni.

Jana Kuroiwa alikuja dukani, akatazama viatu vyake, akasema, "Katibu, kuna mteja mmoja, siwezi kumtaja. Jumatano nitaomba apigwe marufuku, na akirudi tumpeleke polisi. Tuandikie tangazo, pa jina paache wazi."

Nikajibu, "Sawa, Bwana Kuroiwa." Nikainama, akainama, akaondoka.

Teruo anasema, "Nyamaza. Kama hawajamtaja, hayumo."

"Atakuwemo siku watakapomkalisha kituoni," nikamwambia.

"Na neno si ulilichagua wewe?"

Mshauri, mama huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha duka, na siku hizi ananiuliza jina la binti yangu, mjukuu aliyemlea mwenyewe. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya mtaa. Nisiposema, ni mkono wangu utakaoandika tangazo la kumfukuza. Nifanye nini?

Katibu, Sakai

*

Katibu,

Pole sana. Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwenye rafu ya mwani. Hapo ulitakiwa usimame, ulipe dagaa, umshike mama mkono. Usiniambie unaogopa kumvua nguo. Mtaa mzima unajua; asiyejua ni yeye peke yake. Nyinyi mmejifunza kumsengenya mtu mbele yake kwa sauti kubwa, na katika mtaa mzima aliyelisikia neno lile kama kilio cha mwenye shida, akakimbilia kusaidia, ni huyo mnayetaka kumfukuza.

Sasa sikiliza. Usingoje Jumatano. Kesho asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, nenda kwa Kuroiwa pamoja na Teruo. Mumeo asikwambie ana kazi, huyo ni mama yake. Chukueni boksi la vitamu vya maharage mekundu, inameni, halafu semeni kwa vinywa vyenu: "Ni mama yetu. Anasahau." Lipieni alivyochukua. Mkitoka hapo nendeni kwa Muneko na kwa wengine. Waombeni akichukua kitu wasimzuie, wakupigie simu, ulipe jioni. Na wiki hiihii mpelekeni hospitali apimwe kumbukumbu. Anayesahau jina la mjukuu wake hawezi kuitwa mwizi kwa kusahau kulipa.

Tangazo usiliandike.

Wala sisemi mlale milango wazi. Wezi wapo, na duka dogo haliwezi kustahimili kuibiwa kila siku. Lakini neno lenu la siri lizikeni. Polisi aliwaambia sauti, hakuwaambia fumbo. Kila anayeingia asalimiwe, atazamwe usoni, na kama jina lake linajulikana aitwe kwa jina. Mwizi akijulikana hukimbia. Mama yenu akijulikana hapotei. Salamu moja inawatosha wote wawili.

Jumatano nenda na mama kikaoni. Zile pakiti za kabatini, mkishazilipia, zichemshe, uipoze chai, ujaze birika kubwa, kisha mpe yeye awamiminie wanakamati, aanze na Kuroiwa. Na aone kwa macho yake kwamba chai haijaisha.

Bi. Otowa