Mtaalamu wa Kenya Asiyefika Kenya

Temeke, Jumanne

Afadhali niandike kabla pumzi haijanikatikia. Miaka yote hii naitwa mtaalamu wa siasa za Kenya na Uganda, nami sijafika hata Moshi. Yote niliyofundisha chamani kwetu niliyatoa kwenye magazeti ya masetla, wale walowezi wa Kizungu.

Jirani yangu Njoroge amezaliwa hukohuko Kenya. Nilimkatalia uanachama, nikisema hakusoma. Kweli ni kwamba niliogopa atanibishia mbele ya watu.

Leo ameniletea uji. Barua ya chama kwa Gavana, ya kuomba Tanganyika iunganishwe na Kenya na Uganda, ilikuwa kitandani ikingoja sahihi yangu. Akaisoma yote, polepole.

“Mzee, hii Kenya yenye raha hivi iko wapi? Nami nihamie.”

“Usinicheke, mwanangu. Mie nakufa.”

“Sicheki. Ila mbona hujaandika kipande, kile cheti cha kibarua? Kule tulivalishwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Nanyi mnakitaka?”

Nimeichana. Kwa mikono hii, ilichukua muda.

Kisha nikampa kalamu aandike barua nyingine. Mwandiko wake mbaya kweli. Ameanza na “Hatutaki”, nami nimetia sahihi.