Sorry ya Aina Gani

Stechford, Birmingham
6 Februari 2005

Kwa Baba,

Habari za Kapsabet? Na magoti ya Mama je? Mimi naendelea vizuri. Nyuzi za operesheni zilitolewa Jumatatu, sasa najipikia chai mwenyewe.

Kadi yako imefika, ya kwanza tangu nije huku. Ndani umeandika neno moja tu la Kiingereza: Sorry. Huku ukimkanyaga mtu, yeye ndiye anakuambia sorry! Nilimwuliza Raksha, mwalimu wetu wa Kiingereza, akafungua kamusi kubwa. Kumbe zamani lilimaanisha mtu mwenye maumivu. Ni ndugu yake sore, kidonda. Kuomba msamaha kulikuja baadaye.

Baba, ulifundisha Kiingereza miaka thelathini. Niambie: unanipa pole ya operesheni, au unaniomba msamaha kwa siku ile uliyotoa sanduku langu nje, nikiwa na mimba ya mwanangu Tevin? Nijibu kwa Kiswahili.

Binti yako,
Chepkoech

Kapsabet
1 Machi 2005

Kwa Chepkoech,

Salamu nyingi. Sisi wazima, magoti ya Mama yana nafuu. Raksha yuko sahihi. Mwongezee kwamba maneno sorry na sorrow, yaani huzuni, ingawa yanafanana, hayakutoka shina moja. Wanafunzi wangu wengi walikosea hapo. Mvua imeanza.

Baba yako,
Bethuel

Kapsabet
20 Juni 2005

Mwanangu Chepkoech,

U mzima? Na Tevin? Miezi mitatu umenyamaza, na sikulaumu. Uliniuliza swali, nikakupa somo.

Nimechana barua nne. Mama yako alinikuta na ya tano, akasema, "Mwandikie tu ulichofanya."

Nilitoa sanduku lako nje. Mama alilia, nikamwambia anyamaze. Niliogopa maneno ya walimu wenzangu kuliko kukuona ukiondoka na mimba yako. Kwenye kadi niliandika Kiingereza kwa sababu neno lile liliniruhusu kujificha.

Nisamehe, mwanangu. Mwambie na Tevin.

Babako

Stechford
9 Julai 2005

Baba,

Natumai hamjambo huko. Sisi tu wazima.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Bado panauma, sitakudanganya. Lakini nimekusamehe.

Nilimsomea Tevin. Yeye husikia Kiswahili ila hujibu Kiingereza. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Babu ana sauti gani?"

Nimepewa likizo Desemba. Tutatua Eldoret tarehe kumi na nane, asubuhi. Usimtume mtu. Njoo wewe.

Binti yako