Kiti cha Nyuma

Mama,

Sijawahi kukuandikia. Hata salamu zangu zilikuwa zinapitia kwa Nafula, binti yako. Ndivyo tulivyolelewa, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Nikikuona barabarani kule Bukhayo nilikuwa naingiza pikipiki kwenye mahindi ya watu mpaka upite. Nawe unacheka, unaenda kumwambia Nafula, "Kumbe uliolewa na sungura!"

Nafula yuko. Ndiye anauza ndizi sasa, pale mahali pako sokoni Busia, na jioni anarudi nyumbani na kile kigoda chako kwapani, anaogopa kitaibiwa. Mimi, tangu tukuzike, watu wananisifu. Eti mkwe alimpigania mama mkwe. Dada yako hata alinipa kuku. Nilimla, Mama, lakini hakushuka vizuri.

Wewe na mimi tunajua. Asubuhi ile ulituma mtu aniite pale steji yetu ya bodaboda, na hilo peke yake lilinitisha, maana hujawahi kuniita. Nilikukuta sokoni umeshika kifua, jasho linakutoka na jua hata halijawaka. Hospitali kubwa yenye kasualti ya wagonjwa wa dharura haikuwa mbali, kwa pikipiki ni kufumba na kufumbua. Kliniki ndogo iko nyuma ya soko, mtu anafika kwa miguu. Nikasema, "Mama, twende hapa kliniki, kule foleni ni ndefu." Foleni gani? Nani aliiona? Niliogopa kiti cha nyuma. Niliogopa unishike kiuno, wenzangu wa boda waone, wanicheke mpaka nihame steji.

Na wewe ulikuwa umeshaweka mkono juu ya kiti! Mama mwenye heshima zake, ulikuwa tayari kupanda. Mimi nikaangalia pembeni. Ukautoa mkono, ukaanza kutembea polepole, nami nasukuma pikipiki kando yako, nzima, na mafuta yamejaa.

Daktari wa kliniki alikupima, akafoka, "Huyu ni wa kasualti! Mbona mmemleta hapa?" Nikatoka mbio kutafuta gari. Gari, Mama, na pikipiki imesimama pale mlangoni. Tulipokupandisha ulikuwa umenyamaza, na hospitalini hawakuwa na la kufanya.

Siku hizi nabeba wagonjwa wa watu bila kuuliza ni nani wa nani. Juzi baba yangu alishikwa na kizunguzungu, nikamwambia Nafula, "Akianguka na mimi sipo, mpandishe boda, kaa nyuma yake, mkumbatie mpaka hospitali. Mambo ya ukwe tutatengeneza baadaye." Akaniangalia sana. Halafu akauliza, "Na wewe, ungembeba Mama?"

Nikasema naenda kuweka petroli. Woi, Mama. Mwanaume mzima na ndevu zangu, nikakimbilia petroli. Naona aibu hata kukwambia.

Lala salama. Msamaha siombi, bado sina uso wa kuuomba. Lakini jioni hii Nafula akirudi, kabla hajatua kigoda chako chini, nitamjibu. Nitamwambia mimi sikukubeba. Na nitamwambia wewe uliweka mkono kwenye kiti.

Mkweo,
Barasa