Siti Tano

Jumatatu, 4 Machi

Gari limekufa. Limezimika mlangoni kabisa pa duka langu la dawa, wateja wakitazama. Angalau limenifikisha kazini, adabu hiyo linayo.

Fundi kalifungua, kachungulia, katikisa kichwa. Kaniuliza naendesha wapi na wapi. Nyumbani dukani, nikamwambia, dukani nyumbani. Na wikiendi? Wikiendi napumzika. Akacheka! Anasema injini ya dizeli inataka safari ndefu, ipate moto sawasawa, iunguze masizi yake. Hii yangu inazimwa kabla haijachangamka. Masizi yameziba bomba la moshi, yameharibu mpaka tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa.

"Mama, gari yako haijafa kwa uzee. Imekufa kwa kutotoka."

Nani kamuuliza? Nimerudi kwa miguu nimenuna. Lilikuwa gari la mzee wangu, marehemu mume wangu. Yeye alikuwa mpima ardhi, alilipeleka huko kusikojulikana, likirudi limejaa vumbi na furaha. Tangu tumzike, mwaka wa tatu huu, linajua njia moja tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga duka mapema, nikaenda kuona magari. Sakafu inang'aa mpaka unaona haya kukanyaga. Muuzaji ni kijana wa tai nyekundu, mpole, analea maneno. Nimembatiza Tai.

Gari ni moja — si kubwa si dogo, limeinuka kidogo, siti tano. Lakini injini unachagua! Ya kwanza petroli tupu, ina tabo, ya kubeba watu na mizigo kupanda milima. Ya pili haibridi: petroli na mota ya umeme zinasaidiana, na betri inajichaji yenyewe ukikanyaga breki. Ya tatu haibridi ya kuchomeka. Hiyo unaichaji nyumbani kama simu. Safari fupi inakwenda kwa umeme mtupu, petroli inakaa akiba ya safari ndefu.

Nikauliza ipi nzuri. Akasema inategemea maisha ya mtu. Akanivutia kiti. Kwa kawaida mnakuwa wangapi garini?

Swali dogo tu. Jibu ni mmoja. Mdomo ukasema watano!

Mimi, mzee, binti yangu na wajukuu wawili. Mzee ni mrefu, nikasema, anapenda kunyoosha miguu. Kila Jumamosi tunatoka. Tunakwenda milimani. Milimani! Sijui hata nilikoitoa. Wajukuu ni wa kweli, ila wako mji mwingine na bibi yao wanamwona kwenye simu. Mzee naye alikuwa mrefu kweli.

Na niliona raha. Hapa sina wa kumdanganya, basi niseme. Nilipokuwa namweleza Tai jinsi watoto wanavyogombania dirisha, nilikuwa nawaona.

Akasema basi suala limekwisha, mama, petroli yenye tabo. Watu watano na milima, usihangaike na mengine.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia fundi, nikamsomea hizo injini tatu. Hakufikiri hata. Anasema kwa njia yangu ile nichukue ya kuchomeka, petroli nitaisahau harufu yake. Hiyo ya tabo, akasema, utaiua pole pole kama ulivyoiua hii.

Ana mdomo mchafu huyu. Lakini anasema kweli. Sasa nitamwambiaje Tai? Kwamba watu wanne wamepungua tangu jana?

Alhamisi, 7 Machi

Tai kapiga simu mwenyewe. Jumamosi analeta gari nyumbani, ili familia yote ikae, mzee ajaribu miguu. Nikavuta pumzi nimwambie. Nilikuwa nimeshasema "sikiliza mwanangu..."

Akanikatiza, kwa wema tu. Anasema anapenda kuuzia watu kama sisi. Mama yake mzazi anaishi peke yake, nyumba nzima, na kila akimfikiria humwonea huruma mpaka moyo unamuuma. "Wewe mama umebarikiwa."

Nikasema asante. Nikamwelekeza nyumba ilipo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia binti yangu. Njooni kesho, nikasema, na watoto, nauli yenu juu yangu. Kesho hii? Watoto wana mechi, yeye ana zamu. Mama, si ungesema mapema? Kwani kuna nini?

Hakuna kitu. Nataka kununua gari.

Anasema nichukue dogo tu, niko peke yangu, gari kubwa la nini. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anakaanga kitu, nasikia mafuta.

Nimefagia nyumba nzima. Sijui nilikuwa namfagilia nani.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja! Na mimi nilisali mvua inyeshe, au augue kidogo, mafua tu.

Nimetoka getini. Gari jeupe, linanukia upya. Tai leo hana tai, kavaa shati la mapumziko, anatabasamu mpaka masikioni. Kafungua mlango wa nyuma, kanionyesha: siti mbili za watoto, kazifunga mwenyewe, moja ya bluu, moja ya njano. Kazibana mikanda. Kazitingisha nione zilivyo imara.

Kisha kafungua wa mbele. Siti ya abiria kaisukuma nyuma mpaka mwisho. Kaniambia mzee hapo atanyoosha miguu mpaka asahau kama anayo.

Nimeitazama ile nafasi. Ningesema pale pale, kijana angeelewa — na angenitazama anavyomtazama mama yake. Hilo siliwezi. Lolote jingine ninaliweza.

Kauliza wako wapi, awasaidie watoto kupanda? Nimesema wanavaa viatu.

Nimeingia ndani, nimefunga mlango. Nimekaa kitandani, upande wangu, naandika haya. Viatu vyangu nimevivaa. Nyumba kimya, hata jirani leo hana redio.

Anapiga honi. Fupi, ya adabu.

Sasa anagonga. "Hodi mama! Msiharakishe, tuna siku nzima!"

Nimeitika, kwa sauti kubwa, ya furaha kabisa: "Tunakuja!"