Maziwa ya Mama na Jino Lisilokuwepo

Isiolo, Jumatatu, Julai 1967

Upepo haujatulia tangu asubuhi. Ni ule wa Julai unaoshuka kutoka upande wa Mlima Kenya, na ukifika hapa kwetu unazoa vumbi la mji mzima. Nimetembea nao hadi shuleni nikiwa nimejifunga kitambaa usoni kama bi harusi. Watoto wa darasa la tatu wamecheka. Waache wacheke. Hawajui kwamba upepo huo ukinigusa shavu la kushoto, meno yananishika hadi nasahau nilikuwa nafundisha nini.

Leo nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Kesho kutwa naondoka kwenda Nairobi kupasuliwa kichwa. Niandike basi jinsi mambo yalivyokuja, maana sijui nitarudi na akili ya namna gani, au kama nitarudi.

Yalianza na soda. Kuna duka moja hapa mjini lenye friji ya mafuta ya taa, na siku ya mshahara nilikuwa na tabia ya kwenda kujipongeza pale. Siku hiyo nilipiga funda moja tu, na nikahisi kama mtu amenichoma msumari kwenye gego la chini, upande wa kushoto. Nikaiacha soda mezani. Baadaye yakawa maji ya mtungi. Baadaye papai lililolala nje usiku. Ikafika mahali nikawa nakunywa maji ya uvuguvugu katika mji huu wenye jua la kukaanga, huku wenzangu wakinitazama kama mgonjwa wa akili.

Dresa wa zahanati ya hapa alilitazama lile gego, akaligonga na chuma, akaling'oa. Lilikuwa jeupe na zima. Nilimuuliza mbona halina tundu. Akasema, "Mwalimu, hii imeoza ndani kwa ndani, wewe huwezi ona." Maumivu yalipobaki, aling'oa na la jirani yake, nalo lilikuwa jeupe vilevile. Nilimwachia. Mtu mwenye maumivu hana ubishi.

Fizi zilipopona nilikunywa maji baridi kwa furaha, nikijua nimemaliza kazi. Jino likauma. Lile lile la kwanza, nililokuwa nimelifukia nyuma ya choo.

Siku hiyo niliogopa kweli. Jino likiuma, kuna dawa na kuna koleo. Lakini mtu anaenda kumwambia nani kwamba anaumwa na jino ambalo hana?

Sikio la kushoto nalo lilikuwa limeanza zamani, ila sikuwahi kuliunganisha na meno. Lilivuma kama jiko la Primasi, halafu likaanza kupoteza maneno, halafu likanyamaza kabisa. Watoto wa upande ule wa darasa waligundua kabla yangu, na pale ndipo wanapopigia soga sasa. Mwirigi, mwalimu mwenzangu kutoka Meru ambaye pia ni jirani yangu, alikuwa ananitania: "Mwalimu Guyo, hiyo sikio yako imeenda likizo bila ruhusa ya hedimasta?" Tulicheka wote wawili.

Hatucheki tena. Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, na askari wa kizuizi cha barabarani akaniamuru nisimame. Alikuwa upande wangu wa kushoto. Mimi nikaendelea kutembea na kikapu changu cha viazi. Mwirigi alinishika shati kwa nyuma na kunivuta chini, akapaza sauti, "Afande, huyu ni mwalimu, yeye hasikii." Nilipogeuka bunduki ilikuwa imeshainuliwa. Mborana kama mimi asiyesimama anapoamriwa, siku hizi za vita vya shifta, hahitaji kosa jingine. Askari mwenyewe alikuwa kijana tu, mwenye hofu kuliko mimi.

Mwirigi ndiye aliyenishikilia hadi nikapata kibali cha kwenda Nairobi mara ya kwanza. Kule daktari mmoja mpole alinipima sikio kwa uma wa chuma unaolia, akanigusa uso kwa pamba nikiwa nimefumba macho, akanipiga picha za kichwa. Upande wa kushoto pamba sikuisikia vizuri. Kisha akaniambia meno yangu hayakuwa na kosa hata kidogo.

Alinieleza kwa mfano wa nyaya za simu. Kuna waya wa kusikia unaotoka sikioni kwenda kwenye ubongo, na juu ya waya huo umeota uvimbe. Wanauita akustiki nyuroma. Si saratani, na unakua polepole, lakini mle ndani hakuna nafasi. Sasa umekua hadi umeusukuma waya mwingine, ule unaoleta habari za uso na meno. Ndiyo maana kitu cha baridi kikinigusa mdomoni, waya uliobanwa unapiga kelele kuliko inavyostahili, na ubongo unadhani ni jino. Hata jino likiwa limeng'olewa, waya wake bado upo.

Nilifurahi kwa dakika chache, kwa sababu nilikuwa sina wazimu. Halafu akaendelea. Ukiachwa, utabana ubongo wenyewe, na mwisho wa hapo unajulikana. Ukitolewa, sikio halitarudi, uso unaweza kulegea upande mmoja, na wapo wasioamka. Nilimuuliza kama meno yataacha kuuma. Alisema hawezi kuahidi.

Nilikuwa nimepanga kwenda na kurudi bila mama kujua.

Mama yangu yuko Kulamawe, ndani ya ua wa miiba ambamo serikali imewakusanya watu na mifugo iliyobaki. Ng'ombe wetu walikuwa wengi. Sasa amebaki na mmoja anayekamuliwa. Kutoka mle hakutoki mtu bila ruhusa, kwa hiyo leo saa sita nilipomwona amesimama mlangoni pangu, nilidhani nimeanza kuona vitu. Alikuja na lori la posho lililosindikizwa na askari, na kesho asubuhi anarudi nalo.

Msafiri mmoja alikuwa amempelekea habari kwamba Guyo ameng'olewa meno na hawezi kutafuna. Basi mama akafanya hesabu zake. Mtoto asiyetafuna anataka chakula laini. Akaniletea ititu.

Ititu ni maziwa yetu yaliyogandishwa siku nyingi hadi yakawa mazito. Yanakaa kwenye gorfa, chombo cha kusukwa kinachofukizwa moshi, na yanabaki ya baridi hata jua liwe kali namna gani. Hayatiwi motoni. Ukiyatia yanakatika, na kwetu ni kama kumtukana aliyeyatengeneza. Na maziwa aliyokubebea mama hayarudishwi wala hayamwagwi.

Alikuwa ameyakusanya kidogo kidogo kutoka kwa yule ng'ombe mmoja, huku wajukuu wakitazama. Njiani askari walimshusha, wakaifungua gorfa, wakachokoa mle ndani kwa kijiti wakitafuta risasi. Alinisimulia hilo akiwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa unapangusa mdomo wa gorfa tena na tena.

Akanimiminia kikombe kimejaa, akaketi kunitazama.

Ningefanya nini? Niliinamisha kichwa kulia, nikajaribu kuyapitisha upande mzuri. Maziwa mazito hayafuati amri. Yalipofika kushoto maumivu yalianza kwenye lile gego lisilokuwepo, yakapanda shavuni, yakaingia ndani ya sikio, yakakaa huko. Machozi yalinitoka. Nilimeza. Nikapiga funda jingine. Mama alidhani ninalia kwa sababu ya ng'ombe, akaanza kunibembeleza akisema mali inarudi, Mungu akipenda. Akakijaza kikombe tena.

Hapo nilishindwa. Nilikiweka chini, nikamwambia. Nilimwambia yote: uvimbe, nyaya, Nairobi, kisu. Nilimwambia kwamba meno yalikuwa mazima na yaling'olewa bure, na kwamba maziwa yake ni matamu ila baridi yake ndiyo inaniua.

Nilidhani atalia, au atanikataza. Kukatazwa ningeweza kustahimili, hata pengine nilikuwa nakutaka, kwa sababu ningepata wa kumlaumu. Badala yake aliuliza, "Huo uvimbe uko wapi?"

Nilimwonyesha nyuma ya sikio. Alisogea akaanza kupapasa kwa vidole viwili, taratibu, akibonyeza na kuachia, vile ninavyomkumbuka akipapasa shingo za ndama akitafuta tezi. Mama anajua uvimbe. Amewapasua ng'ombe wangapi kwa wembe na wakapona. Alipapasa hadi kwenye shingo, akarudi juu, akapapasa tena.

"Hakuna kitu hapa," alisema.

Nilimwambia uko ndani, nyuma ya mfupa. Akaendelea kupapasa. Sikuwa na moyo wa kumzuia. Nilikaa vile, mtu mzima mwenye darasa lake na chaki mfukoni, kichwa kimelala kwenye mapaja ya mama, na wote wawili hatukuwa na la kufanya.

Akauliza kama anaweza kunifuata Nairobi akae nje ya hospitali. Nilimwambia kibali kimeandikwa mtu mmoja, na yeye lazima apande lile lori. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia jibu hilo mahali pengi.

Halafu alifanya jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akilifanya. Aliichukua gorfa, akaiingiza ndani ya nguo zake, akaikumbatia tumboni, akajifunika shuka juu yake. Akaketi. Mwirigi alipita kutusalimu, akamkuta amekaa vile kama mama aliyebeba mtoto, akauliza, "Mama, ni baridi imekushika?" Mimi nikamjibu ndiyo. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Alikaa mchana wote. Jua lilipoanza kulala aliitoa gorfa akanimiminia. Maziwa yalikuwa yamepata joto la mwili wake, hayakukatika, na yalikuwa na harufu ya moshi na ya nguo yake. Nilikunywa. Jino liliuma, lakini liliuma kwa mbali. Nilimaliza kikombe chote na yeye akanihesabia mafunda kwa macho.

Naandika haraka sasa, kwa sababu kafyu inakaribia na taa lazima zizimwe. Amejilaza kwenye mkeka hapa karibu, bado ameikumbatia gorfa, maana yamebaki maziwa ya asubuhi. Sijawahi kujiona mdogo hivi. Askari siwezi kumsikia, lori siwezi kulizuia, na hata uvimbe ulio kichwani mwangu mwenyewe siwezi kuugusa. Kesho kutakucha na mimi nitamsindikiza kwenye lori, na hakuna kingine kilichobaki mikononi mwangu.

Kabla hajafumba macho alinigeukia. Alikuja upande wa kulia, amekwisha kujifunza sikio lipi linasikia.

"Wakishautoa," alisema, "utakunywa ya baridi?"

Nilimwambia ndiyo, mama. Nikamwambia daktari ameahidi.