Kinywaji cha Arusi ya Barwako

Garsen,
Jumatatu, baada ya alasiri.

Kwa Aabo, baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai karatasi hii itakukuta u mzima huko Nanighi, mguu umepungua kuvimba na ng'ombe wamepata majani. Sisi hapa ni wazima. Hooyo anakusalimu, na kama mkeo anakuamuru umeze dawa baada ya chakula, si unapokumbuka. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo tu, Aabo, moyo haunitulii, na usingizi sijui ulikokwenda.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu, tena kwa spika, na kambi nzima husikia. Haya si ya kambi. Nimempa Boru, yule wa dawa za mifugo, na nimeizungushia selotepu. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na ukae chini kwanza.

Ni habari ya kile kinywaji cha arusi ya dada Barwako. Wajua nilivyokihangaikia. Wakwe walikuwa wanatoka Garissa, nami nilikataa katakata watu waje kunywa soda ya chupa kama kila arusi. Nikaingia mtandaoni. Kuna ukurasa ambao unaandika ulicho nacho jikoni, nao unakupa vinywaji vya kuchanganya. Nikaandika embe, ukwaju, tangawizi na ndimu. Wallahi, Aabo, nilibofya palipoandikwa visivyo na pombe, nikahakikisha mara mbili. Nilijaribu kumi na kimoja kabla ya kukipata hicho. Kimoja hata mbuzi wa Hooyo alikisusa.

Maelezo yake yalitaka matone mawili ya dawa fulani chungu kwa kila glasi. Garsen nzima haikuwepo. Nikaagiza Mombasa, kikaja kichupa kilichofungwa karatasi yenye maandishi madogo kama sisimizi. Nikanusa, nikasikia karafuu na mdalasini, nikajua ni viungo tu, kama vanila ya keki. Sikusoma. Na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, nikakimimina chote kwenye sufuria mbili kubwa.

Ulikuwapo, ulisikia walivyokisifu. Sufuria ya kwanza iliisha kabla ya pilau. Hapo ndipo Asenath, yule mama wa kijiji cha Hewani aliyekuja kutusaidia kuosha vyombo, aliponivuta kando ameshika kile kichupa. Zamani alifanya kazi hotelini Malindi. Aliniambia polepole, kama mtu anayeleta tanzia, kwamba ile ni pombe, tena kali, karibu nusu ya kichupa ni kilevi, na hutiwa kwenye vinywaji vya baa. Nikabisha. Nikatafuta kwenye simu, nikikosea herufi kila mara. Ni kweli. Kwa wale wa mtandaoni matone mawili si pombe. Kwetu je?

Tangu siku hiyo naishi kwa hofu. Mtu akikohoa tu mlangoni nashtuka. Nilitaka kumuuliza imamu, lakini naye alikunywa, nitaanzaje? Naogopa wakwe wakijua watamrudisha Barwako, naye hana kosa hata chembe. Sikufichi, Aabo, ningenyamaza milele. Lakini wewe umeahidi kinywaji hicho hicho kwa karamu ya mahujaji Ijumaa. Nilikitengeneza bila kichupa, ami Roble akaonja, akakunja uso, akasema kuna kitu kimepungua, nifanye kama cha arusini. Aliniagiza hivyo mbele ya kamati ya msikiti.

Sasa nalisema lile linaloniua. Laiti ingekuwa ni kukosea tu! Asenath aliponiambia, sufuria ya pili ilikuwa bado haijaguswa. Alitaka tuimwage, akashika upande mmoja, akaningoja nishike wa pili. Nilikataa. Niliwaza wakwe, niliwaza aibu ya kuwaambia wageni vinywaji vimekwisha, nikamwambia aiache. Akajifunga leso yake, akaondoka bila kula. Mimi nikachukua upawa, nikaendelea kuteka. Kisha ukaja wewe mwenyewe mlangoni pa jiko na glasi tupu, ukicheka, ukawaambia wazee kwamba hatimaye simu ya Hamdia imefaa kitu. Niliijaza hadi juu. Nilikuwa najua, Aabo. Ulisema bismillahi, nami nikakutazama ukinywa.

Boru hajui lolote, usimbane kwa maswali. Anarudi Alhamisi. Nakuomba umpe neno la kuniletea, hata likiwa la ukali, lakini usinyamaze. Ijumaa nitaiambia kamati mwenyewe. Nimetaka tu wewe usiwe wa kusikia kwa watu. Wasalimu wote kambini, na mguu usiutie maji baridi.

Ni mimi niliyekutilia,
mwanao Hamdia.