Sauti ya Babu Kwenye Diski

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Simu ya babu ya vitufe, chini ya mashuka kabatini, imelala hapo tangu tumzike. Nikaichaji saa nzima bila tamaa — ikawaka! Ndani kuna video moja, dakika mbili. Nilimrekodi mwenyewe, nikasahau kabisa. Anatafuta miwani, na miwani iko kichwani mwake!

Spika ya simu imekufa. Sauti nimeisikilizia kazini, kwenye kompyuta ya kuchapia. Anamwita bibi “bi mdogo” kama kawaida yake. Bi mkubwa hakuwahi kuwepo.

Nikamwambia bibi. Akasema sura ya babu anayo, picha zimejaa ukutani. Sauti ndiyo imemtoka. Anaitafuta kichwani, haipati. Roho imeniuma.

Nikamwambia twende kazini kwangu akasikilize. Hataki! Mume wake hamsikilizi kwa watu, amesimama, kama anayedaka umbea. Anataka kwenye deki yake ya diski, kwenye kiti chake. Haya. Ila Jumamosi anahamia kwa shangazi, na huko hakuna anayejua mambo haya. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi. Nitaweza!

Jumanne, 4 Machi

Nimechoma video kwenye diski ya kwanza. Deki imeimeza, ikakoroma, ikaitema. “Diski mbaya.” Mbaya wewe!

Fundi redio wa jirani, tunayemwita Daktari, anasema deki ya zamani inachagua chakula. Faili la simu lina fomati yake, yaani muundo wake, jina linaishia na 3GP. Deki inataka MPEG. Ni hilo tu? Hilo dogo!

Alhamisi, 6 Machi

Nimefuta 3GP mwishoni mwa jina, nikaandika MPEG. Sekunde tano! Nikajiona mtaalamu. Nikachoma, nikakimbia nyumbani, nikamwita bibi akae.

Ikaitema tena.

Daktari kacheka mpaka kaweka bisibisi chini. Eti nikiandika “Mkurugenzi” mlangoni kwangu, mshahara utapanda? Jina halibadilishi kitu, faili lenyewe ndilo hugeuzwa, kwa programu. Kanipa programu. Aibu nimeipata, lakini programu ninayo!

Ijumaa, 7 Machi

BABU YUKO KWENYE TV! Shati lake la mistari, kibaraza, kila kitu! Bibi kapiga makofi, kasogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza.

Midomo inacheza. Sauti hakuna.

Nikaongeza sauti kwa rimoti mpaka mwisho. Kimya. Bibi akauliza polepole, kwani alikuwa hasemi kitu? Nikamwambia alisema, bibi, alisema sana. Akatikisa kichwa, akaenda kufunga mizigo. Nimelia chooni.

Daktari: sauti nayo ina fomati yake, inageuzwa peke yake halafu inaunganishwa na picha. Mbona hukusema! Gari linakuja kesho saa tatu. Nimempigia bosi kumwomba funguo za kazini. Kaguna, kakubali. Mungu ambariki!

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili niko kazini. Saa mbili na nusu diski ikatoka, ya moto bado. Nimekimbia na kandambili moja, nyingine imekatika njiani sikurudi kuiokota.

Deki ilishaingia kwenye boksi. Nikaitoa, nikachomeka waya. Bibi kakaa na mkoba mapajani, viatu vya safari miguuni.

Babu akatokea — akaganda. Mdomo wazi, nusu ya uso vipande vipande. Nikasema potelea mbali, basi tena.

Halafu: “Bi mdogo! Miwani yangu umeiona?”

Sauti yake! Kubwa, yenye mkwaruzo, imejaa sebule nzima!

“Iko kichwani mwako,” bibi akamjibu.

Nikadaka rimoti. Nitaigeuza upya, bibi, picha itakaa sawa, nitakutumia kwa basi. Kanipiga kofi mkononi.

“Usiguse! Hajamaliza.”

Alipomaliza akaniambia nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Mara tatu sasa. Dereva kapiga honi, kapiga tena, sasa anagonga mlango. Nimemwambia dakika mbili tu. Naandika huku nimeuegemea mlango ili asiingie.

Bibi anaomba tena. Na amevua viatu.